Kinywa cha Kaka

Somo: Kutoka 4:10–16

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nilikuwa nimeandaa habari za Nehemia na ukuta wake. Nehemia anisamehe, atasubiri. Jumanne jioni nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, wanangu wawili wakapindua benchi la jikoni miguu juu, likawa daladala ya Msamvu. Mkubwa akakaa mbele na mfuniko wa sufuria mkononi, huo ndio usukani. Mdogo akasimama nyuma ameshika mguu wa benchi, mkono mmoja nje, anaita abiria: "Tamvu! Tamvu! Tamvu!"

Nikamwuliza mkubwa, "Mbona konda ni yeye? Si hajajua kusema vizuri?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Mama, mimi nikiwa konda, nani ataendesha?"

Nazi nilimaliza kuikuna, lakini mawazo yalikuwa yameshakwenda kwa Musa.

Mkubwa wangu ana miaka 4 na miezi 8. Mdogo ana mwaka 1 na miezi 8. Wamepishana miaka 3 kamili. Fungueni Kutoka 7:7 mtaona wengine waliopishana hivyo hivyo: waliposimama mbele ya Farao, Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83. Mara nyingi tunawasoma kama wazee wenye ndevu na fimbo. Sisi wenye watoto tuwasome pia kama mtu na mdogo wake. Siku kisafina kile cha manyasi kilipowekwa mtoni na Musa mchanga ndani yake, Haruni alikuwa na umri wa kuburuza gari la kopo lenye magurudumu ya ndala. Maandiko hayasemi alikuwa wapi siku ile. Mimi nahisi mtu fulani alikuwa akimjibu kila alipouliza mtoto yuko wapi.

Sasa niwaambie jinsi mdogo wangu anavyosema. Neno lolote refu kwake linaanzia mwishoni. Nataka ni "taka". Samaki ni "maki". Pikipiki ni "piki". Ukisikiliza utaona ana akili yake: Kiswahili chetu kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, na yeye anakamata pale palipokaziwa na kuendelea, huko mwanzo anatuachia wenyewe. Kandambili ni "bili". Ametulia mlangoni asubuhi anapiga kelele "bili! bili!" mpaka baba yake akatoka chumbani anauliza watu wa maji wamefika.

Lakini anaelewa kuliko anavyosema. Mwambie "kamletee bibi kanga yake", atakwenda, atarudi na kanga, na njiani ataiburuza kwenye majivu. Maneno yako ndani muda mrefu kabla hayajatoka mdomoni.

Anayetusaidia ni kaka yake. Mdogo akitoa sauti ambayo mimi niliyemzaa sikuielewa, mkubwa anasema bila kuinua macho, "Anasema mpira umeingia chini ya kabati." Nikiinama, mpira upo. Amejuaje? Hakufundishwa na mtu. Kutwa nzima wako chini pamoja, kwenye vumbi lile lile, na mpira alikuwa ameuona ukiingia. Na juzi tu yeye mwenyewe alikuwa anasema "gali" na "lafiki", bado hajasahau njia aliyopita.

Alipotumwa awatoe Israeli Misri, Musa alisema mbele za Mungu, "mimi si mwepesi wa kusema, na ulimi wangu ni mzito." Kuna mtu katika jumuiya aliwahi kuniuliza mbona Matendo 7:22 inamwita Musa hodari wa maneno. Ni swali zuri. Nadhani mtu anaweza kuwa hodari katika nyumba ya Farao kisha akakaa miaka 40 na kondoo, na siku anatumwa kwa watu wake akajiona hana hata neno moja. Wengi wetu tunasema vizuri ofisini na sokoni, tukiambiwa tuombee chakula tunatazamana.

Mungu alikasirika, mstari wa 14 unasema hivyo wazi, lakini angalieni hasira ile ilizaa nini: "Je! Hayuko Haruni, ndugu yako?" Kisha yanafuata maneno ambayo tunayapita mbio: "anakuja kukulaki, naye atakapokuona atafurahi moyoni mwake." Kabla Haruni hajawa kinywa cha Musa, kama mstari wa 16 unavyosema, kwanza alikuwa njiani, na alikuwa na furaha ya kumwona mdogo wake. Walipokutana kwenye mlima wa Mungu alimbusu. Sioni mahali alipomwuliza kwanza, "Kwani wewe huwezi kusema mwenyewe?"

Msinidhanie nina malaika ndani. Mkalimani wetu ana ujanja wake. Juzi mdogo alisema "dizi", na ndizi zilikuwa pale mezani zinaonekana. Mkubwa akatafsiri, "Anasema tunataka biskuti. Mbili mbili." Na dumu la maji lilipomwagika sebuleni nikauliza nani, akajibu kwa niaba ya wote wawili: "Limeanguka lenyewe." Nilicheka mpaka nikakaa, kwa sababu ni Haruni mtupu. Amekusanya dhahabu za watu, ametengeneza sanamu, Musa anamwuliza, anajibu nini? "Nikaitupa ndani ya moto, akatoka ndama huyu." Katoka mwenyewe! Miaka 83 na zaidi, jibu la mtoto wa chekechea.

Hili la biskuti nisilifanyie mzaha sana. Anayesema kwa niaba ya mwingine ana nafasi ya kuweka njaa yake ndani ya kinywa cha mwenzake. Sisi tunaoongoza maombi, tunaosimama kutoa taarifa za wajane na wagonjwa wa jumuiya, tunajua ninachokisema. Nimewahi kumsemea mama mmoja kwenye kikao, nikasema vizuri kabisa, na baadaye akaniambia kwa upole kwamba alichokuwa anahitaji hakikuwa kile.

Mwezi uliopita nilimpeleka mdogo kliniki, na mkubwa tukaenda naye kwa kuwa hakuna wa kumwachia. Nesi akauliza mtoto anasema maneno mangapi. Kabla sijafungua kinywa, mkubwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole: baba, mama, kaka, maki, taka, bili. Nesi akacheka, akamshika kichwa, akamwambia, "Wewe ni kaka mzuri. Ila mwache na yeye aseme, eeh? Hata akikosea." Kisha akaniambia mimi: nisimpe kitu kwa kutafsiriwa tu. Nimwulize, "Unataka uji au ndizi?" halafu ninyamaze, nisubiri. Akasema wengi wakikaribia miaka 2 huanza kuunganisha maneno mawili, na mtoto akichelewa, au asipogeuka akiitwa, arudishwe mapema aangaliwe, na masikio pia.

Kusubiri ndiko kunakonishinda. Nauliza, na sekunde tatu tu nimeshajijibu.

Nikarudi kwa Haruni tena. Alifia mlima Hori, Hesabu 20. Msemaji hayupo. Na baada ya hapo kinafuata kitabu kizima kinachoanza, "Haya ndiyo maneno Musa aliyowaambia Israeli wote." Kumbukumbu la Torati, sura 34, karibu zote ni yule yule mwenye ulimi mzito, anasema mwenyewe.

Kwetu bado hatujafika huko. Ila Alhamisi, daladala ikiwa imeegeshwa, mdogo alisimama mlangoni akamwita mwenzake aliyekuwa uani: "Kaka, ndoo." Nikadhani anataka ndoo. Nikageuka kwa mkalimani. Alikuwa ameshakwenda kwake mbio, bila kunitafsiria. Alikuwa ameitwa: kaka, njoo. Maneno mawili.

Usiku huo tuliomba kama kawaida. Baba yao aliomba, mimi nikaomba, mkubwa akaombea kuku. Ikafika zamu ya mdogo. Amefumba jicho moja, mikono kifuani, akasema maneno marefu, yanapanda na kushuka, neno moja sikulishika, mpaka "Ameni" ambayo ilitoka safi. Nikamnong'oneza kaka yake, "Amesema nini?"

"Mimi sijui, mama," akasema. "Alikuwa haongei na mimi."