Kitanda cha Upana wa Reli

Mama alipiga simu Jumatatu usiku. "Arobaini ya babu yako ni Jumapili. Usije na basi." Hakuhitaji kufafanua. Babu hakuwahi kupanda basi kuja Dar es Salaam hata mara moja. Alikuwa akisema ile reli aliibeba yeye begani akiwa kijana, sasa ni zamu yake kubebwa.

Ijumaa nikawa ndani ya treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, daraja la pili, chumba cha vitanda sita, wanaume watupu. Nilipata kitanda cha juu. Jioni tulikatiza Hifadhi ya Nyerere, twiga wakitutazama kama tulivyowatazama, kisha giza likaingia. Bonde la Kilombero nililipita usingizini. Nilichoambulia ni taa za wauza ndizi na sauti za kuvutana bei. Nilikuwa nimemwomba mzee wa kitanda cha chini, anayekwenda Tunduma, aniamshe Mlimba.

"Kuna nini Mlimba?" aliniuliza.

"Babu yangu alifanya kazi hapa, mzee."

Akanisogezea nafasi dirishani.

Kutoka Mlimba hadi Makambako ni kilomita kama 160 tu kati ya 1,860 za reli hii kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, lakini ni kupanda mlima mtindo mmoja, na mahandaki mengi yamo humu. Kulikuwa kunapambazuka. Mtoto wa chumba cha jirani alikuwa anayahesabu kwa sauti, akipotea anaanza upya. Babu aliteremka huku kutoka Ubena miaka ya 1970 mwanzoni, Wachina wakiijenga reli, hajui a wala be, akaandikwa kibarua wa kubeba mbao za kumwagia zege. Mafundi seremala wa Kichina hawakujua Kiswahili, naye hakujua Kichina. Hakuna aliyemwita aje ajifunze. Wenzake wakienda kula, yeye anachuchumaa pembeni, anatazama.

Aliona msumeno wa fremu ya mbao, uliokazwa kwa kamba iliyosokotwa. Aliona kidau cha wino chenye uzi: unauvuta, unaubana huku na huku, unaunyanyua kwa vidole viwili, ukiuachia unachapa mstari mnyoofu juu ya ubao. Aliporudi nyumbani alitengeneza chake kwa kibuyu kidogo na masizi ya chungu. Nimekitumia utotoni, kinachafua mpaka kope.

Rula hakuwa nayo, na namba hakuzijua. Basi kabla ya kuacha kazi alikata ufito wa mti mgumu, akaulaza kati ya reli mbili, akaupunguza kidogo kidogo hadi ukakaa bila kuchezacheza. Hicho ndicho kikawa kipimo chake cha maisha. Kitanda ni ufito mmoja kwa upana. Stuli ni nusu ufito. Upana wa reli ya TAZARA ni milimita 1,067, yaani futi tatu na nusu, na ukienda duka lolote la magodoro utalikuta hilohilo: tatu na nusu kwa sita. Babu hakulijua hilo. Watu walipoanza kununua magodoro, yaliingia kwenye vitanda vyake kana kwamba kiwanda kilimpigia simu.

Kusoma kulikuja baadaye. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya jioni yalikuwepo, ila babu aliona haya kukaa darasa moja na wakwe zake. Alisubiri mama yangu, wakati huo darasa la kwanza, alale. Kisha anachukua daftari lake, ananakili kwa mkaa juu ya ubao, akimaliza anauranda asije akaonekana. Mama anasema asubuhi alikuwa akifagia maranda yenye vipande vya herufi, akidhani ni mchezo wa kaka zake.

Hakuwa mtu mwepesi, nisimpake mafuta. Ukikata ubao vibaya hakugombi. Anauegemeza ukutani mbele yako, nawe unautazama wiki nzima. Lakini watoto saba walisomeshwa na randa ile.

Makambako, baridi ya mwezi wa sita haina simile. Nilipokelewa na mama mdogo, shikamoo zikapokezana hadi chai ikapoa. Usiku nililazwa kwenye kitanda cha kwanza kabisa cha babu.

Jumatatu, ibada na chakula vikiwa vimekwisha, mjomba alinikabidhi ule ufito, mweusi kwa masizi na jasho. Niliupeleka hadi panapokatiza barabara na reli, nikaangalia huku na huku, nikaulaza katikati.

Ulipwaya. Ncha zote mbili zilikuwa zimelika kwa kugongwagongwa sakafuni miaka yote ile, ukapungua kama upana wa kidole.

Niliporudi nikamweleza mjomba. Alicheka hadi akashika mlango. Mama mdogo, kitinda mimba, ambaye kitanda chake kilitengenezwa mwisho kuliko vyote, hakucheka.

"Kumbe," alisema. "Na mlikuwa mnasema mimi ndiye nanenepa."