Siku koi wa Mzee walipofika Kibosho

Kabla sijasimulia hiyo siku lazima nianze na bwawa, maana bwawa lilikuwepo muda mrefu kabla ya hao koi, samaki wa mapambo wenye rangi, na hapo ndo watu wa kwetu walishindwa kumwelewa Mzee wangu. Alistaafu akarudi kihambani, shamba letu la ukoo kule Kibosho kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akachimba nyuma ya nyumba pale palipokuwa na banda la zamani la ng'ombe, mita nne kwa mbili na nusu, kina mita moja na nusu, fundi akajenga kwa tofali akapiga plasta, yakaingia maji kama lita 15,000 hivi. Alafu hakuweka kitu. Pampu inanguruma, maji yanapita kwenye mapipa yanarudi bwawani, wiki zinakwenda, watu wakitoka misani wanachungulia wanauliza samaki wako wapi, Mzee anawaambia maji hayajaiva.

Koi aliwajulia Japani. Miaka mingi alifanya kazi kwenye umwagiliaji wa mpunga Lower Moshi, ule mradi uliojengwa kwa msaada wa Wajapani ukakamilika 1987, na hiyo kazi ndo ilimpeleka kule mafunzoni. Siku moja wakapelekwa Niigata kuona mpunga unaolimwa kwa ngazi milimani, na pembeni ya mashamba kuna vibwawa vya tope, ndani yake samaki wakubwa weupe wenye mabaka mekundu. Akaambiwa hao samaki ni kazi ya wakulima wa mpunga, watu wa kazi ileile aliyokuwa anaifanya na wakulima wetu pale Chekereni. Huko Yamakoshi theluji inashuka nyingi sana, kwa hiyo walikuwa wanafuga samaki weusi wa jamii hiyo wapate kitoweo cha majira ya baridi, na kuanzia karne ya 19 wakawa wanaona mmoja mmoja anazaliwa na doa la rangi, wakawatenga, wakawazalisha, mpaka mwaka 1914 wakawapeleka kwenye maonyesho Tokyo na Japani yote ikawajua. Lile tetemeko la Oktoba 2004 lilipopiga kulekule milimani nakumbuka Mzee hakuondoka kwenye redio, watu walihamishwa kwa helikopta, na baadaye hata samaki waliopona wakatolewa kwa helikopta. Nadhani ndo kipindi kile alipoamua kwamba akistaafu na yeye atafuga.

Basi turudi kwenye maji. Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, unapita mpakani kabisa mwa kihamba chetu na kila mtu alidhani ataufungulia tu uingie bwawani. Akakataa. Juu kule watu wanapuliza kahawa dawa za chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni, na za kutu ya majani, nyingi zina shaba, mrututu na jamaa zake, na shaba kidogo tu kwenye maji inaua samaki. Mfongo ukabaki wa migomba, bwawa likajazwa maji ya bomba ambayo kwanza yanalala kwenye simtanki klorini iruke. Sementi nayo ikiwa mpya inatoa chokaa inayoyafanya maji kuwa makali, pH, kile kipimo kinachopanda tindikali ikipungua, inaweza kupita 11 na koi anataka kama 7 mpaka 8 na kidogo, kwa hiyo Mzee akawa anajaza, anaacha yakae, anamwaga, anasugua kuta kwa siki, anajaza tena, hana haraka kabisa, mpaka kipimo kikatulia kwenye 8.

Filta alitengeneza mwenyewe kwa mapipa ya bluu ya plastiki. La kwanza linakamata uchafu kwa nyavu kuukuu, mengine akajaza yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, huku kwetu unayaokota tu. Alafu akaagiza kwa mfugaji mmoja wa koi wa Arusha amletee sponji chafu kutoka kwenye filta yake. Chafu, asiioshe! Mimi nilikuwa sijaelewa bado, akanikalisha pale kwenye ukingo akanieleza taratibu. Samaki anatoa amonia kwa mashavu yake muda wote, na amonia inamuunguza. Kuna bakteria wanaokula amonia wakaigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu, alafu kuna bakteria wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, na hiyo haina shida kubwa, ukibadilisha maji unamwagia migomba inafurahi. Hao bakteria wanaishi kwenye matundu ya yale mawe na wanachukua wiki nyingi kuenea, sponji ni mbegu yao. Kila siku anatupia kijiko cha chakula cha samaki kwenye bwawa tupu kioze, bakteria wapate cha kula, na kila jioni anachota maji kwenye vichupa vya kupimia. Kichupa cha amonia kikiwa kijani bado. Cha naitraiti kikiwa zambarau bado. Jioni moja cha kwanza kikatoka njano safi na cha pili bluu ya mbali, akavishika juu kwenye mwanga wa taa, akaniambia, "Mwanangu, mpigie shemeji yako, Jumamosi twende Arusha."

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kwetu ile ya kweli. Tukatoka alfajiri na Noah ya shemeji, Mzee alishampigia mfugaji simu asiwalishe siku mbili, maana samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji njiani. Pale Arusha hakumnyooshea kidole samaki hata mmoja kwa muda mrefu, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaangalia tu. Anayejitenga pembeni hamtaki, anayebana mapezi hamtaki, anaangalia mwili kwanza kama umenyooka na mgongo mpana, rangi baadaye, kwa sababu rangi za mtoto zinabadilika anavyokua ila mgongo uliopinda haunyooki. Akachagua sita wa urefu wa kiganja hivi, kohaku wawili, hao ndo weupe wenye mabaka mekundu, sanke mmoja ambaye ana na weusi kidogo, showa mmoja, huyo mweusi mwenye mabaka mekundu na meupe, mmoja wa njano mtupu anayeng'aa na mmoja wa kijivu cha bluu wanaomwita asagi. Mfugaji akataka kumwongezea wanne kwa bei nzuri. Mzee akamshukuru, akasema bakteria wangu wanatosha hawa, wengine nitawafuata mwakani. Nilimheshimu sana pale, kwa hamu aliyokuwa nayo miaka yote ile.

Wakafungwa kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili, theluthi maji, iliyobaki oksijeni kutoka kwenye mtungi, kwenye maboksi, juu tukafunika khanga zilizoloa. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, hali ya hewa nzuri, lakini ukishapita njia panda ya KIA jua linaanza kuwaka na Bomang'ombe tukasimamishwa. Askari akauliza boksi za nini, Mzee akasema samaki, akaambiwa fungua. Boksi akafungua, mfuko akakataa kwa heshima zote, "Afande, naomba sana, mfuko tusiufungue." Akamweleza palepale barabarani, kwamba humo ndani samaki wamepumua mpaka maji yamekuwa na tindikali, na hiyo tindikali ndo inayoifanya amonia isiwadhuru, sasa ukifungua ile hewa chafu inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu dakika hiyohiyo na nyumbani bado mbali. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akainama akawaangalia kwenye nailoni kivulini, akauliza samaki mmoja anazaa vifaranga wangapi, wakaongea kidogo, akatuambia twendeni.

Nyumbani kulijaa watu. Mifuko ikaelea bwawani imefungwa kama dakika ishirini joto lilingane, na shemeji akataka tufungue tuwe tunaongezea maji ya bwawa kidogo kidogo, ndivyo alivyoona watu wanafanya. Mzee akamwambia, "Shemeji, ni yaleyale niliyomwambia afande," ukishafungua usichelewe, mtoe samaki muweke bwawani, maji ya mfuko mwaga nje. Akawa anakata mpira, anaingiza mikono miwili chini ya tumbo, anamwachia. Wa kwanza akazama moja kwa moja. Wa pili, wa tatu, wote chini kwenye giza.

Kohaku mdogo alipotolewa akalala ubavu. Akaelea, shavu linafunguka pole pole sana. Mtoto mmoja akasema amekufa. Mzee akavua viatu akaingia na suruali yake hivyohivyo, kuna ngazi moja ndani fundi aliijenga, akakaa pale maji yanamfika kifuani, akamchukua yule samaki akamweka chini ya bomba linalorudisha maji kutoka kwenye filta, pale maji yanapoanguka na hewa inapochanganyika. Akamshikilia wima, kichwa kimeelekea kwenye mkondo, hamsukumi wala hamtikisi. Maji ya Kibosho mwezi wa saba jamani. Mama akamwambia toka utaumwa, hakujibu. Kengele ya mchana ikalia misheni yuko palepale, midomo imeanza kubadilika rangi, mimi nimeshika taulo natamani kumvuta kwa nguvu nashindwa. Alafu mkia ukapiga, mara moja, mara mbili, akafungua vidole na yule samaki akaondoka mwenyewe akawafuata wenzake chini. Watu wakapiga vigelegele, Mzee akashindwa kusimama kwa ganzi, shemeji na mimi tukamnyanyua.

Siku hiyo hawakupewa chakula. Baadaye kidogo kidogo, kinachoisha ndani ya dakika tano basi. Wiki chache mbele kichupa cha naitraiti kikarudi zambarau, samaki wamezidi nguvu za bakteria, Mzee akapunguza chakula, akabadilisha sehemu ya maji, akaenda sokoni akanunua chumvi ya mawe kilo 15, kilo moja kwa kila lita 1,000, kwa sababu chumvi inaizuia naitraiti isipenye kwenye mashavu. Ikapita. Tukafunga wavu juu kwa ajili ya korongo, tukanunua pampu ndogo ya hewa yenye betri kwa zile siku umeme unakatika. Yule kohaku sasa amepita sentimita 50 na ndo wa kwanza kuja ukikanyaga ukingoni. Kopo la chakula lakini halipo tena mikononi mwa Mzee, Mama alilichukua, anawalisha jioni saa kumi na moja na hataki mtu mwingine aliguse.