Tope la machimbo kwenye shamba langu la kichanga

Shamba langu ni kichanga kitupu. Ukimwagilia asubuhi, jioni ukifukua kidogo unakuta pamekauka, na mbolea ya chumvichumvi huzama na maji kabla mizizi haijaifaidi. Samadi ilisaidia, ila kwenye mchanga wenye joto huoza upesi na kila msimu unaanza upya. Kilichokosekana ni udongo wa mfinyanzi, ule laini unaonata.

Niliupata kwenye machimbo ya kokoto. Kokoto zikioshwa, chembe laini huishia kwenye mabwawa ya kutuamisha tope, na yakijaa huwa mzigo kwa wenyewe. Nilitia kiasi kwenye chupa ya maji nikatikisa. Mchanga ulitua mara moja, lakini maji yalikuwa bado machafu kesho yake. Huo ndio mfinyanzi: chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002.

Kabla ya kusomba nilipeleka sampuli maabara wapime pH (kipimo cha uchachu wa udongo), chumvi, sodiamu na metali nzito kama risasi, aseniki na kadimiamu. Hapa sina utani. Marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, siyagusi kabisa: yanaweza kuwa na zebaki au sianidi, na yenye salfaidi (madini yenye salfa) yakipata hewa na maji hutoa tindikali. Tope la kokoto halikuchenjuliwa, lakini mwamba wenyewe unaweza kuwa na metali.

Kisha hesabu. Sentimita 10 za juu za hekta moja ya kichanga zina uzito wa takribani tani 1,500. Kuongeza asilimia 1 tu ya mfinyanzi kunadai tani 15 za mfinyanzi mtupu. Tope langu lina theluthi moja, basi ni tani 45! Ndiyo maana nilianza na matuta ya mboga. Tope lenyewe unapewa bila shida. Lori ndilo linalomaliza hela.

Kazi yenyewe ni kuponda. Tope bichi likimwagwa shambani hukauka mabonge, mchanga ukabaki kivyake. Nililianika, nikaliponda, nikalitandaza jembamba na kulilimia pamoja na samadi. Mboji iliyoshikana na mfinyanzi huchelewa kuoza.

Matuta hayo sasa namwagilia kwa kuruka siku. Yasiyo na tope bado yanadai maji kila siku. Naitrojeni naendelea kuigawa kidogo kidogo, kwani mfinyanzi hushika potasiamu na amoniamu, lakini nitreti, aina nyingine ya naitrojeni, huiachia ipite na maji.