Kitwitwi wa Wafugaji

Noah ya Mto wa Mbu haiondoki Arusha mpaka ijae, na kujaa kwenyewe kuna mjadala. Tulikuwa wanne tayari kiti cha nyuma, konda akaita wa tano. Mama mmoja mwenye galoni la maziwa akamwambia, "Huyo mpakate wewe, mwanangu." Tukaondoka. Kisongo, njiapanda ya Monduli, halafu ile nyika ndefu ambayo kiangazi ni vumbi na punda. Makuyuni tukakata kulia.

Nilikuwa namfuata ndege mmoja mdogo. Jirani yangu kwenye kiti alicheka: mtu aende Manyara asitafute simba wanaolala mitini wala flamingo, atafute kitwitwi! Jina hilo limebeba kundi zima la ndege wadogo wa ufukoni wenye miguu ya haraka, na ukiwatazama kwa mbali unaona sababu. Ninayemtaka ana jina lake la kitaalamu, pecuarius, alilopewa na Mholanzi Coenraad Jacob Temminck mwaka 1823. Ni Kilatini, na maana yake ni mfugaji, au mtu wa mifugo. Hilo ndilo lililonipandisha kwenye Noah. Ndege wa sentimita kama 13 tu, halafu anaitwa mfugaji, wakati mimi niliyekulia kati ya wafugaji sijawahi kumtazama mara mbili.

Mto wa Mbu nilinunua ndizi nyekundu, nikachukua bodaboda hadi nje ya mpaka wa hifadhi, upande ambao mifugo hushuka kuelekea ziwani. Kwenye boma la kwanza nikamwamkia mzee aliyekaa kivulini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepotea?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alimwita layoni mmoja, mvulana wa kuchunga, mwenye fimbo ndefu kuliko yeye, akamwambia anitembeze, ila nisiwatishe mbuzi.

Boma lile lilizungukwa na ua wa mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao hata mbuzi haugusi. Wamaasai wanauita emanyara, na inasemwa ziwa lilipata jina lake hapo. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwenye ziwa lenye jina la ua wa zizi, kumtafuta ndege mwenye jina la mchungaji. Temminck aliandikia Ulaya, na sidhani aliwaza habari za ua wa mtu yeyote huku. Lakini majina hayo mawili yanaelewana kuliko mengi yaliyopangwa na kamati.

Maji ya Manyara ni ya magadi na hayana kina, kwa hiyo mvua ikikata ziwa linarudi nyuma na kuacha ardhi nyeupe iliyopasuka. Nilidhani tutaendelea hadi kwenye tope. Layoni akasimama mapema, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamekula nyasi mpaka zikabaki kama zulia. "Hapa," akasema. "Nyasi zikiwa ndefu hakai. Anataka aone."

Kweli walikuwepo. Anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena, tena katikati ya kwato. Kifua chake kina rangi ya udongo mkavu, mstari mweusi unapita kwenye jicho na kushuka shingoni, na juu yake mwingine mweupe unazunguka hadi kisogoni. Asiposogea humwoni. Ng'ombe wanamfyekea uwanja, na penye samadi wadudu hawakosi. Sikuhitaji tena kamusi ya Kilatini.

Mmoja alituona akainuka pale alipokuwa ameatamia. Kabla hajaondoka alirusha mchanga kwa miguu, kulia na kushoto, upesi upesi, na mayai mawili yakapotea mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimesoma kuhusu tabia hiyo. Kuiona ni habari nyingine. Layoni hakushangaa. Alishapiga mluzi, mbuzi wakaanza kuzunguka mbali na pale. "Hapo huwa siwapitishi," akasema, akaendelea kutafuna ndizi yangu.

Karibu na maji kulikuwa na vitwitwi wengine, wadogo zaidi, wale ambao jina lao la kitaalamu ni minuta, maana yake wadogo, wanaozaliana kaskazini kabisa mwa Siberia na kuja kwetu kukwepa baridi. Niliwatazama kidogo tu. Wangu hana safari hizo. Ni mwenyeji wa Afrika.

Wataalamu nao hawatulii. Ndege wangu alikuwa kwenye jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Charadrius, siku hizi orodha mpya zimemhamishia Anarhynchus, jina lililotungwa kwa ajili ya ndege wa Nyuzilandi ambaye mdomo wake umepinda kuelekea upande. Wa Manyara mdomo wake umenyooka kabisa. Pecuarius, angalau, wamemwachia.

Tuliporudi mzee aliniuliza wazungu wanamwitaje. Nikamwambia Waingereza wamempa jina la mtu, Heinrich von Kittlitz, Mjerumani aliyezunguka dunia kwenye meli ya Kirusi kati ya 1826 na 1829.

"Alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Alikuwa mchoraji, baba."

"Mchoraji," akarudia, akamtazama layoni. Kisha akainuka kwenda kuhesabu mbuzi, na mimi nikampigia yule wa bodaboda kabla Noah za jioni hazijaisha.