Kopi moja tu, na ua wa Ngome umejaa

Hii ni ya Desemba 2018, Lamu. Kitabu changu cha mameneja wapya kilikuwa kizinduliwe Jumamosi baada ya Alasiri, ndani ya Ngome, pale uani, na mpaka saa nane mchana maboksi yote matatu yako njiani, mi nina kopi moja tu mkononi, ile ya kwanza niliyoletewa na mchapishaji niikague.

Maboksi yalipakiwa basi la asubuhi kutoka Mombasa. Anoijua ile barabara anaelewa, ukishapita Garsen unaelekea Witu kuna vizuizi vya polisi, watu wanashushwa, vitambulisho vinaangaliwa, alafu ukifika Mokowe bado boti. Nlimpigia kondakta mara sita, ya saba simu ikawa haipatikani.

Na watu wakaanza kuingia. Nliwaalika watu wa kazi hasa, masupavaiza wa mahoteli ya Shela, manahodha wa maboti, mama mmoja wa Langoni aliyepewa kusimamia gesti hausi wiki hio hio, kijana wa duka la hadwea, mwalimu alofanywa naibu. Hawa ndo nliowaandikia. Vitabu vya umeneja viko tele, vya Kizungu, vinaongea mambo ya maofisi ya ghorofani, havimwambii mtu afanye nini akiamka Jumatatu yeye ndo bosi wa watu aliokua akila nao sahani moja Jumapili. Na hapa kwetu hupewi cheo juu ya watu baki, unapewa juu ya binamu yako na jirani yako na yule anokudai.

Mamangu alikua ashaleta mahamri na viazi vya karai, kahawa ya tangawizi iko kwenye buli, hakuna kuahirisha. Nkashika maiki nkawaambia ukweli, jamani vitabu havijafika, kilichoko ni hiki kimoja. Mzee mmoja aliyekaa ukutani akasema, "Basi kisomwe."

Kikaanza kupita mkono kwa mkono, huyu anasoma ukurasa kwa sauti, anampa mwenziwe. Mi nlidhani watachoka baada ya kurasa tatu, wallahi hawakuchoka. Kwenye rosta ya sikukuu walibishana karibu nusu saa, nani apewe Idi nyumbani na nani afanye kazi, mama wa Langoni akasema yeye ataandika majina ubaoni mwezi mzima kabla ili kila mtu aone, asije akaambiwa kampendelea dadake. Nahodha mmoja akaangukia pale pa sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 41, kwamba kabla hujamfukuza mtu kwa makosa lazima umueleze kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini asikilize. Akasimama hapo, akausoma tena. Kuna jamaa nyuma akasema yeye kazi yake iliisha kwa simu, dakika mbili, akiwa kwenye foleni ya kununua samaki. Uani kukanyamaza. Ile Ngome ilikua jela mpaka 1984, na kuta zake zile nene zinarudisha sauti, neno likishasemwa mule linakaa.

Alafu kitabu kikamfikia sahibu yangu.

Nieleze kidogo. Mi na yeye tulianza pamoja uweita kwenye hoteli moja, tumebeba trei pamoja miaka minne, alafu mi nkapandishwa yeye akabaki. Wiki ya pili ya umeneja wangu akachelewa shifti ya asubuhi, nkamfokea mbele ya wageni wakila, na mbele ya vijana aliowafundisha yeye kazi. Hakunijibu. Alifunga aproni akaenda meza namba sita akachukua oda. Miezi mingi baada ya hapo tulikua tukiongea mambo ya kazi tu. Kisa hiki nlikiandika kitabuni, jina lake sikutaja, nkasema kosa langu ni kumkaripia hadharani.

Na ukurasa uliomuangukia ndo huo. Akausoma wote, pole pole, bila kutetemeka sauti. Alafu akaniangalia.

"Hapa umeandika dakika 40. Zilikua 20, ndugu yangu. Boti letu lilikwama mchangani, maji yamekupwa, tukashuka tukalisukuma, nkafika suruali imeroa mpaka magotini. Ulikua unaniangalia. Hukuniuliza."

Nlitafuta la kusema. Maana nlikua naamini ni 40 kabisa, sikuandika kwa kumuonea, ila miaka ilivyopita kosa lake lilikua likikua kichwani mwangu na langu likipungua. Na sura nzima inaitwa Uliza Kwanza! Nkamwambia kweli, sikukuuliza, nisamehe. Akasema ashasamehe zamani, lakini kitabu kirekebishwe, watu wasome sawa.

Maboksi yalifika baada ya Isha, juu ya punda wawili kutoka gatini, moja limelowa pembeni. Watu walikua washaenda kuswali na wengi wakarudi, wakanunua, lakini hakuna kopi iliyotoka kabla haijapita kwetu. Tulikaa mimi na yeye barazani pale Mkunguni, mbele ya Ngome, na biki mbili, kopi 300, tunafungua ukurasa wa 31, tunakata 40 tunaandika 20, na chini pembeni, "Sikumuuliza kwa nini." Mamangu anatuongezea kahawa. Kama kwenye kopi 170 hivi mkono wangu ukachoka, yeye akaendelea, kwa hio kama unayo ile ya toleo la kwanza angalia ule mwandiko, wangu umelala kulia, wake umesimama.

Saa sita usiku akaniuliza kama kesho nna shifti ya asubuhi. Nkamwambia ndio. Akasema na yeye anayo, tuvuke boti moja.