iPod yangu ilikufa, kumbe ni chumvi ya Lamu

Wenzangu, iPod Classic yangu, ile mashine ndogo ya muziki ya Apple, imefufuka jana, nikaona niandike kabla sijasahau. Ilikuwa haiwaki kabisa. Kioo cheusi, na ukichomeka chaja huoni hata alama ya betri. Ndani mna taarab alizozinakili marehemu baba kutoka kwenye kanda, na nakala nyingine sina.

Nilibadilisha waya, nikabadilisha chaja, nikailaza kwenye umeme usiku kucha. Wapi! Nikaanza kuulizia bei ya betri Mombasa.

Kisha nikamulika tochi ya simu ndani ya tundu la chaji. Mna vijino 30 vyembamba, na vya upande mmoja vilikuwa na kutu ya kijani. Sisi tunakaa mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Hapa hata vitasa vya milango huliwa na chumvi.

Nilitia spiriti kidogo kwenye mswaki laini, nikasugua taratibu kufuata urefu wa vijino. Ukisugua kwa kukata vitapinda. Nikaiacha ikauke hadi alasiri.

Nilipochomeka, bado giza. Hapa ndipo nilipokuwa nikikosea: usichomoe. Betri iliyokauka kabisa hutaka kunyonya umeme kwanza. Nilisubiri nusu saa, waya ukiwa palepale, nikasukuma swichi ya Hold, ile ya kufunga vitufe, kwenda na kurudi, ndipo nikabana Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja, kama sekunde nane hivi. Tufaha la Apple hilo kwenye kioo! Mama akatoka jikoni kuuliza kelele za nini.

Sasa inalala ndani ya mkebe wa biskuti, mbali na dirisha.