Jumapili Dunga

Wiki hii kazini ilikuwa moto, mwisho wa mwezi hadwea inajaa mafundi kila mtu anataka mabati yake saa hiyo hiyo na bosi naye anataka hesabu ya stoki, nikifika nyumbani nasinzia katikati ya sala. Mungu anaelewa, nadhani.

Leo baada ya ibada nikachukua boda mpaka Dunga, kando ya Ziwa Victoria pale Kisumu. Hapo ufuoni kuna mzee alikuwa anaziba nyufa za mashua kwa pamba, anaisukuma na patasi polepole kabisa, nikasimama tu namuangalia. Mama wa omena akaniambia wiki hii mzigo ni kidogo, mwezi ni mpevu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, sasa mbalamwezi ikiwa kali hao samaki hawavutiwi na taa vizuri, basi wavuvi wengi wanapumzika tu. Yaani kazi yenyewe ina likizo yake kutoka juu! Hadwea haina mwezi mpevu jameni.

Nikamuuliza, "Mama, na hizi?" Akasema, "Hizo ni za wiki jana mwanangu, sikudanganyi, lakini zimekauka vizuri." Nikanunua gorogoro moja, nyanya niko nazo.